Nimehamia fandomu mpya, nyuma nimeacha viporo sita

Hujambo Shangazi,

Nina miaka 27, naishi Umoja Innercore na nafanya kazi kwenye duka la vipuri vya magari, Barabara ya Kirinyaga. Najua wewe huletewa mambo ya ndoa na mashamba, na langu huenda likaonekana dogo. Lakini limeninyima usingizi tangu Februari, na nyumbani hakuna wa kunielewa.

Mimi huandika hadithi za mashabiki. Nachukua wahusika wa katuni au tamthilia ninayoipenda, nawatungia visa ambavyo aliyewaumba hakuviandika. Siuzi. Naziweka kwenye tovuti iitwayo Archive of Our Own, watu wanasoma bure. Kila kazi ina jamii yake ya mashabiki wanaoandikiana na kusomana, nasi huiita fandomu.

Kwa miaka mitatu fandomu yangu ilikuwa anime, katuni ya Kijapani, ya wavulana wa shule wanaocheza voliboli. Mimi mwenyewe nilikuwa libero, mlinzi wa nyuma, wa timu ya shule, kwa hiyo niliipenda tangu dakika ya kwanza. Kalamu haikushikika, Shangazi. Sura tatu kwa wiki. Asubuhi naandika kwenye simu ndani ya matatu ikikwama Barabara ya Jogoo, mchana duka likiwa shwari naongeza aya, usiku namtumia rafiki yangu, anasoma, ananiambia hapa umeharakisha, nasahihisha, napakia. Novemba 2022 niliingia lile zoezi la kuandika maneno 50,000 kwa siku 30, nikamaliza siku ya 27.

Mwishoni mwa mwaka jana nikaanza kutazama tamthilia ya Kikorea, ya enzi za Mfalme Taejong, inayomhusu msichana anayefunzwa uganga ikuluni. Ilinishika vibaya. Niliimaliza kwa siku tisa, nikairudia. Nikasema, hii nitaiandikia, na safari hii nitaandika kwa Kiswahili, maana hadithi zangu zote za voliboli niliziandika kwa Kiingereza.

Tangu Februari hadi leo nimeandika maneno 2,300. Sura ya kwanza peke yake ilinichukua wiki tano. Nilipoipakia, msomaji mmoja akaniambia kwa upole kwamba yule msichana hawezi kumwandikia mpenzi wake barua kwa Hangul, herufi za Kikorea, kwa kuwa herufi hizo zilibuniwa mwaka 1443, na Taejong aliachia kiti 1418. Nikaangalia, nikakuta ni kweli. Niliona aibu, nikaifuta sura nzima.

Na kule nilikotoka nimeacha viporo sita. Kimoja kina sura 31, zimebaki kama tatu. Kuna msomaji ambaye kila Jumapili huniandikia neno moja: "Tunangoja." Nikifungua faili niendelee, wale vijana wanazungumza kama watu nisiowajua. Nikiifunga niende ikuluni, najiona nimekimbia deni.

Rafiki yangu aliyekuwa akinisomea alienda Doha kikazi mwezi wa Januari, kwa hiyo hata wa kumuuliza sina. Dadangu anasema niache mambo ya watoto, na kama ni kuandika, niandike vyangu niuze.

Je, nimalize viporo vyote kabla ya kugusa kipya? Kasi yangu imeenda wapi? Nimeanza kuogopa kwamba sikuwa mwandishi, nilikuwa tu msichana anayependa voliboli. Na huyu wa kila Jumapili nimjibu nini?

Mwenye Viporo, Umoja

*

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Usiniambie tena kwamba ni jambo dogo. Mtu aliyezoea kupanda matatu wahusika wake wakiwa tayari wanabishana kichwani, kisha asubuhi moja akapanda na kukuta kimya, huyo ameondokewa. Nakuandikia hivyo.

Nianze na hofu yako, kwamba hukuwa mwandishi, ulipenda voliboli tu. Hesabu uliyonayo ni hii: kule sura tatu kwa wiki, huku sura moja kwa wiki tano. Ukiziweka sambamba unaona umeporomoka. Lakini hebu tazama ulikuwa na nini mkononi ulipoanza kule. Ulikuwa libero. Unajua magoti yanavyouma ukidaka mpira wa chini kwenye uwanja wa vumbi. Unajua kwamba libero haruhusiwi kuzuia wavuni wala kupiga mpira ulio juu ya ukingo wa wavu, na unajua, jambo ambalo hakuna kitabu kitakufundisha, mchezaji wa namna hiyo anavyojisikia timu ikishinda kwa mpigo wa mwingine. Unajua basi la shule linavyonuka mkirudi mmeshindwa. Hayo yote uliyakusanya kwa miaka minne ya sekondari bila kuyahesabu kuwa ni kazi ya uandishi. Ulipoketi kuandika, ulikuwa unachota tu kwenye akiba.

Sasa umehamia Korea ya karne ya kumi na tano. Ufalme wa Joseon ulianzishwa 1392. Maafisa wake walikuwa na madaraja tisa, kila daraja lina ngazi mbili, jumla 18, na mtu wa ngazi ya chini hawezi kumwita wa juu vyovyote apendavyo. Mji mkuu ni Hanyang, Seoul ya leo. Siku ina vipindi 12, si saa 24. Kila mhusika wako akifungua mlango, lazima ujue mlango huo ni wa aina gani, nani anaruhusiwa kupita, avue viatu wapi, ainame kiasi gani. Unafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja, kujifunza nchi na kusimulia hadithi, halafu unajipima kwa mizani ya wakati ulipokuwa unafanya moja. Anayehamia nyumba mpya hupika ugali wake ule ule, lakini wiki ya kwanza hupapasa kila kabati akitafuta chumvi.

Ukaongeza na mzigo wa tatu, lugha. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika hapa. Kile kituo unachopakia kina kazi zaidi ya milioni 10, sehemu kubwa kwa Kiingereza, na ingawa Kiswahili kimo kwenye orodha yake ya lugha, zilizoandikwa kwa lugha yetu ni chache mno. Kwa hiyo sentensi nyingi unazohitaji hazijawahi kuandikwa na mtu. Kiingereza chako kilikuja na njia zilizokanyagwa na maelfu: namna ya kueleza mtu aliyeona haya, namna ya kumaliza busu, namna ya kuruka usiku mmoja. Kwa Kiswahili unafyeka mwenyewe. Chukua suala la heshima peke yake. Kikorea huiweka heshima ndani ya kitenzi chenyewe, na tamthilia yako nzima inategemea nani amebadilisha kitenzi mbele ya nani. Sisi hatuna hilo, lakini tuna mengine. Tuna nani anaanza kusalimia na nani anaitikia. Tuna kumwita mama kwa jina la mwanawe. Tuna kumwambia mkubwa "Mfalme ameamka salama?" badala ya "umeamka", hali yuko mbele yako. Siku msichana wako atakapoteleza na kumwambia mkuu wa waganga "umeamka", msomaji wa Kiswahili atashtuka bila kuelezwa. Kazi ya namna hiyo haiendi sura tatu kwa wiki, na hakuna mtu yeyote ambaye ingemwendea.

Hapa nakupa zoezi, na naomba ulifanye kweli. Washairi wetu wa Lamu na Mombasa walikuwa na bahari ya ushairi iitwayo takhmisa. Mshairi huchukua mishororo miwili ya mshairi mwingine, mara nyingi wa zamani, akatanguliza mitatu yake, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Mashairi yanayohusishwa na Fumo Liyongo yalitungiwa takhmisa namna hiyo. Mitatu yako lazima ilingane na miwili ya mwenzako kwa vina na mizani, na nia yake iingie ndani ya nia yako, hata msikilizaji asione mshono. Wewe na wenzako mnafanya kazi iliyo jirani kabisa na hiyo, na natamani dadako alijue hilo kabla ya kuiita ya watoto.

Basi fanya takhmisa ya ikulu yako. Kila siku, kwa wiki tatu, chagua mistari miwili ambayo wahusika wanaambiana kwenye tamthilia, miwili tu. Andika mitatu yako inayotangulia na kuifikisha hapo. Usipakie. Usihesabu maneno. Asubuhi ndani ya matatu inatosha, mpaka kufika Muthurwa utakuwa umemaliza. Mwishoni utakuwa na vipande 21, na utagundua kwamba yule mganga mkuu ameanza kukukatiza maneno, anasema asichopangiwa. Hapo ndipo uanze sura ya kwanza upya.

Ile uliyoifuta imeniuma. Msomaji alikuambia kuhusu Hangul kwa upole, nawe ukafuta sura nzima ya wiki tano. Kama una nakala popote, itoe. Kama huna, kuanzia leo kila unachoandika kijitumie kwa barua pepe kabla hujashuka kwenye matatu, maana simu za Nairobi tunazijua. Kisha litazame kosa lenyewe kwa makini, kwa sababu naona hadithi yako yote imekaa humo.

Utaratibu wa kuwafunza wasichana uganga ulianza 1406, katika enzi hiyo hiyo ya Taejong. Ulianza kwa sababu wanawake waliokuwa wagonjwa waliona haya kuguswa na waganga wa kiume, wengine wakafa na ugonjwa wao bila kutibiwa. Wasichana waliochukuliwa hawakuwa mabinti wa wakubwa. Walitoka tabaka la chini, la watumwa wa serikali. Na vitabu vya tiba viliandikwa kwa herufi za Kichina, zile ambazo wana wa mabwana walikesha miaka kuzijifunza. Basi msichana wako ni mtumwa anayefunzwa kushika mshipa wa damu na kuchoma sindano, na katika kufunzwa hayo anaanza kuzipata herufi za mabwana. Barua yake ya mapenzi haiwezi kuwa ya Hangul, sawa. Sasa iandike kwa herufi alizojifunza kwenye vitabu vya magonjwa. Ana maneno gani? Ana ya homa, moyo, pumzi, mizizi, uchungu, kupoa. Atamwambia nini mwanamume kwa maneno hayo? Na je, mwanamume mwenyewe anajua kusoma, au itabidi ampelekee mtu wa tatu amsomee?

Hiyo barua mimi naingoja.

Sasa viporo. Mwaka 1984 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni. Tulisoma riwaya moja ya Kiswahili ambayo mwisho wake uliliudhi bweni zima. Nikanunua daftari la kurasa 48, nikauandika mwisho nilioutaka, halafu nikaendelea. Daftari likazunguka, likisomwa kwa tochi chini ya blanketi, na kila aliyemaliza akaandika jina lake nyuma. Nikaongeza la pili na la tatu. Muhula uliofuata tukapewa riwaya nyingine, nikaipenda kupita kiasi, nikahama na moyo wangu wote. Wahusika wa kwanza niliwaacha ndani ya basi la kwenda Mombasa, mahali fulani kati ya Voi na Mariakani, usiku, dereva amesinzia. Wasichana wa bweni jirani walininunia mwezi mzima. Mimi niliandika daftari mbili za riwaya ile mpya, na kila nilipoandika nilijua wenzangu wako barabarani gizani.

Karibu miaka 30 baadaye nilikuwa kwenye foleni ya chakula, harusini Machakos. Mwanamke akanishika mkono. Sikumtambua. Akaniuliza, "Hivi wale wa kwenye basi walifika?"

Nikamwambia pale pale, sahani mkononi. Nani alimwamsha dereva, nani alikuwa akiwangoja stendi, nani hakushuka. Dakika mbili hazikuisha. Akafuta macho kwa kitambaa cha karatasi, akaenda kuketi.

Nimekusimulia hayo kwa sababu unauliza kama umalize vyote sita kabla ya kugusa kipya. Hapana. Ukijiwekea sharti hilo hutamaliza kile wala kuanza hiki, na barua yako inaonyesha tayari ndivyo ilivyo. Yule mwanamke hakunidai daftari la nne. Alitaka kujua kama walifika. Wasomaji wako pia hawakudai sura, ila waliacha watu wanaowapenda mahali pabaya na hawana njia ya kuwatoa. Wewe unayo.

Kile chenye sura 31 kimalize, maana umekaribia mno. Lakini usiandike tatu zilizobaki kama ulivyozipanga wakati ule. Andika moja. Kama sauti za vijana zimekupotea, usizilazimishe. Ruka mbele miaka kumi, mmoja wao amekuwa kocha wa shule, anawasimulia watoto wa timu yake mechi ile ilivyokwisha. Kocha anayesimulia anaweza kuzungumza kwa sauti uliyonayo leo. Jipe wikendi mbili. Vile vitano vingine, kila kimoja kiwekee ukurasa mmoja wa mwisho: nilikusudia iende hivi, huyu angemsamehe yule, timu ingeshindwa fainali, asanteni kwa kunisoma. Kisha kitie alama kwamba kimekamilika. Usivifute. Kwenye kituo hicho unaweza hata kuliondoa jina lako kwenye hadithi nayo ikabaki isomwe, wanaita kuifanya yatima, na wapo wanaohitaji hilo kwa sababu zao. Wewe huhitaji. Ulizizaa kwa furaha, ziache na jina lako.

Na kama bado unajiona mkosaji kwa kuchoka na watu wale, kumbuka kwamba hata wenye wahusika wao huchoka. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake, Sherlock Holmes, mwaka 1893 kwa sababu alitaka kuandika mengine, hasa riwaya za historia. Wasomaji walilalamika sana. Alikaa miaka minane kabla ya kumrudia, 1901, tena kwa kisa kilichotangulia kile kifo. Angemrudia mapema kwa kusukumwa, sidhani kama tungepata tulichopata. Huenda nawe siku moja utarudi uwanjani. Huenda usirudi.

Kuhusu kasi nina jambo moja zaidi. Mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya safari za angani, walipoanza kutoa jarida lao la kwanza la hadithi mwaka 1967, walipiga taipu, wakarudufu kurasa, wakatuma kwa posta. Msomaji alingoja miezi. Hakuna aliyekuwa na ukurasa wa takwimu unaomwonyesha kila asubuhi wangapi wamemsoma na wangapi wamebofya moyo. Wewe unao, na nadhani unaufungua mara nyingi kuliko ulivyoniambia. Uache mpaka takhmisa 21 zitimie. Ukianza sura, usipakie ya kwanza kabla hujaandika tatu, ili anayekusahihisha akute umeshatangulia mbele na usipate shauku ya kufuta.

Dadako anakutakia mema. Mwambie kwamba wahusika hao wana mwenyewe kisheria na ndiyo maana huuzi, na kwamba kituo chenyewe kinaendeshwa na watu wanaojitolea na mwaka 2019 kilipata tuzo ya Hugo, ile ya hadithi za kisayansi na za kubuni. Ukitaka kuandika vyako vya kuuza, utaandika, na ile barua ya maneno ya homa na mizizi itakuwa imekufundisha kazi. Lakini usianze kwa kumridhisha yeye.

Yule wa Jumapili mjibu Jumapili hii hii, hata kabla hujaandika chochote: "Nimekusikia kila wiki, na nilinyamaza kwa sababu niliona haya. Ile hadithi ya sura 31 itapata mwisho wake kabla ya mwezi kuisha, ni sura moja tu, halafu nitakuwa nimehama. Asante kwa kungoja." Nakuhakikishia neno lake moja halikuwa la kukudai. Mtu hamkumbuki mdeni wa hadithi kila Jumapili kwa miezi yote hiyo, isipokuwa kama hadithi hiyo ndiyo anayolalia.

Nimeliacha la mwisho makusudi, kwa sababu uliliandika kwa mstari mmoja na ukapita haraka. Rafiki yako aliondoka Januari. Kalamu iligoma Februari. Umeandika aya nzima kuhusu Hangul na mstari mmoja kuhusu yeye.

Hukuandika sura tatu kwa wiki peke yako. Ulimwandikia mtu ambaye usiku ule ule angesoma na kukuambia hapa umeharakisha. Wale vijana wa voliboli wamekuwa wageni kwako kwa sababu kila mzaha wao ulikuwa wa kumchekesha yeye, na yeye hayupo upande wa pili wa simu saa nne usiku. Naona hata kuhama kwako huenda kulikuwa na hilo ndani yake. Wengi huhama fandomu wakidhani wamechoka na hadithi, kumbe waliyekuwa wakiisoma naye ameondoka, na kubaki mle kunauma. Sisemi hukuipenda ikulu. Umeipenda, inaonekana. Nasema uliingia ukiwa na msiba ambao hujaupa jina, na ukategemea uandike maneno 1,667 kwa siku kama Novemba ile.

Mwandikie. Usimwombe asahihishe, ana kazi ngeni na uchovu wake. Mtumie takhmisa moja, ile mistari miwili ya tamthilia na mitatu yako, aisome akitaka. Pengine hajaiona tamthilia hiyo na atakuuliza huyu mganga ni nani, nawe utalazimika kumweleza. Doha na Nairobi hutumia saa zile zile: akitoka zamu saa mbili usiku huko, Umoja pia ni saa mbili, na wewe ndipo unatoka kuosha vyombo.

Shangazi